Taa Iliyopumua Saa Kumi

Maiti ilikuwa imekaa.

Hilo ndilo lililomfanya koplo arudi nyuma hatua mbili na kumkanyaga Inspekta mguu. Kwenye nyumba iliyoungua mtu hutarajia kumkuta marehemu kando ya mlango, chini ya kitanda, au amejikunja bafuni. Huyu alikuwa kitini, mgongo wima, mikono juu ya magoti, uso ameuinua kuelekea balbu iliyopasuka. Moto ulikuwa umekula dari na nusu ya paa, ukaanza kushuka ukutani, na zimamoto wakauwahi kabla haujafika sakafuni. Shati lake lilikuwa na masizi tu.

Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa kimenywewa. Cha pili kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, na juu ya chai yake yalikuwa yametanda majivu. Kikombe hicho kilikuwa mbele ya kiti kitupu.

"Afande," koplo alinong'ona, "huyu alikuwa na mgeni."

"Haya, mgeni yuko wapi?"

Koplo alikuwa anakikodolea macho kile kiti kitupu.

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye hasira za karibu, na hakuna neno lililompandisha presha kama neno shoti. Nyumba ikiungua, shoti. Ghala likiungua, shoti. Kila mtu ananawa mikono, anakwenda zake. "Shoti haina miguu," alizoea kufoka pale kituoni. "Haitembei ikaingia nyumbani kwa mtu. Kuna aliyeileta." Na siku hiyo mkuu wa zimamoto, loo, alikuwa ameshaandika shoti kwenye fomu yake.

"Mlango mlikuta umefungwa?" Inspekta alimuuliza.

"Wazi, afande. Hatua tano kutoka kwenye kiti."

"Swichi kuu?"

"Ilikuwa haijazimwa. Tumeizima sisi. Iko pale barazani, mtoto wa miaka kumi anaifikia."

Inspekta aliuangalia mlango, kisha akamwangalia tena marehemu. Mwilini hakuna kamba, mguuni hakuna kidonda. Dari linawaka juu ya kichwa chake, naye amekaa kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Hilo hakulipenda hata kidogo.

Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi, mjane, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Binti yake wa pekee, muuguzi, alikuwa ameitwa kutoka zamu ya mchana. Inspekta alimkuta kwenye ngazi ya nyumba ya jirani, na sare yake bado imenyooka pasi. Alipomwona askari aliinuka, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nifungeni pingu, afande."

"Pole sana, mwanangu. Nikufunge kwa lipi?"

"Nimemuua baba. Nilipiga pasi sare hii, nikachelewa, nikaondoka mbio. Pasi nimeiacha kwenye soketi. Nakumbuka kabisa. Nakumbuka na ile taa yake nyekundu ilivyokuwa inawaka. Amenigombeza kwa kosa hilo hilo tangu niko darasa la tano. Plagi moja, soketi moja. Ukitoka, chomoa. Taa ikipepesa, zima, ita fundi. Moto wa umeme haumwagiwi maji. Nusu ya mji huu amewafundisha yeye maneno hayo. Mimi, mtoto wake, ndiye nimemchoma."

"Kaa kwanza," Inspekta alisema. "Kaa, nikuulize. Leo alikuwa na mgeni?"

Binti aliuma mdomo.

"Utanicheka."

"Mimi hucheka mara moja kwa mwaka, na mwaka huu nimeshacheka. Sema."

"Alikuwa anamsubiri mama."

"Mama yako yuko wapi?"

"Amefariki. Leo ni miezi minane."

Koplo alifunga daftari bila kujua amelifunga.

Ikaja habari yenyewe. Mkewe Mwalimu, enzi za uhai wake, alikuwa anarudi kutoka kazini saa kumi ya jioni, haizidi wala haipungui. Alipokufa, Mwalimu aliacha kula. Alikonda mpaka saa ikawa inamchomoka mkononi. Halafu, wiki moja baada ya mazishi, saa kumi jioni, taa ya sebuleni ikapumua. Binti alisema hivyo hivyo: ikapumua. Ikafifia karibu kuzima, ikarudi polepole. Kesho yake saa hiyo hiyo, tena. Na ukuta ukawa unanguruma chini kwa chini. Kuanzia hapo Mwalimu alirudi duniani. Akaanza kula, akaanza kunyoa ndevu. Kila siku aliwasha taa jua likiwa bado kali nje, akamimina vikombe viwili, akakaa kuzungumza.

"Baba yako? Mwalimu wa sayansi?"

"Huyo huyo, afande. Nilitaka kuita fundi. Akaniapia kwamba nikimleta fundi, nimemfukuza mama. Baba mdogo naye akanisihi nimwache mzee wa watu."

"Baba mdogo anafanya kazi gani?"

"Anasuka mota zilizoungua, anazifunga waya mpya. Karakana yake iko hapo nyuma ya nyumba."

Inspekta alipigia mstari maneno hayo mara mbili. Fundi wa mota anaambiwa taa inafifia kila siku, halafu anasema iachwe? Mbona hata kinyozi angesema iangaliwe!

Jirani mwenye ngazi ile, mama mnene ambaye mtaa ulimpa jina la Mama Redio kwa kuwa hakuna habari iliyompita, hakuhitaji kuulizwa.

"Nimeyaona kwa macho yangu haya mawili! Saa kumi na kidogo, moshi huo, unatoka darini. Tukakimbia na ndoo. Msusi akatoka, akatupigia kelele, msimwage maji, umeme bado uko, mtakufa! Kwa kweli alituokoa."

"Msusi ndiye nani?"

"Si mdogo wake Mwalimu! Anasuka mota, ndiyo jina lake hilo. Ana kipara, nywele za kusuka atazitoa wapi?"

"Kwa hiyo akaenda kuzima swichi kuu?"

Mama Redio alifungua mdomo, akaufunga, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Hapana," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Alirudi mbio kule nyuma, kwenye karakana yake. Alipokuja tena mikono ilikuwa myeusi. Hapo ndipo alipotaka kuingia kwa kaka yake, moshi ukamtoa. Alilia, afande! Alilia kama mtoto."

Mtaalamu wa umeme wa polisi alikuwa jamaa mmoja mfupi asiyependa mazungumzo. Alikaa darini mpaka giza likaingia, akashuka mweusi tii, akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na kipande cha fyuzi ya kauri, kutoka kwenye swichi kuu.

"Fyuzi kazi yake ni kufa mapema," alisema. "Waya wake ni mwembamba makusudi. Mzigo ukizidi, unayeyuka, umeme unakatika, nyumba inapona. Sasa tazama huu. Nyaya tatu nene za shaba zimesokotwa pamoja. Hizi haziyeyuki. Badala yake imeungua nyumba."

"Ni waya wa aina gani?"

"Una vanishi. Ni waya wa kusukia mota."

"Ehe. Na darini?"

"Kuna kiungo. Mtu amechepusha umeme kutoka kwenye waya wa taa ya sebuleni. Akaviringisha nailoni, akafunga tepu juu. Mzigo mkubwa ukipita kwenye kiungo kibovu kila siku, kinapata joto, nailoni inayeyuka, kinakauka, siku moja kinawasha mbao. Ule waya wa wizi ulitokea ukuta wa nyuma kwenye kitundu. Nje umekatwa kwa koleo. Nyaya zote za nyumba hii ni nyeusi, lakini ncha ile inang'aa."

"Umekatwa leo."

"Leo hii, afande. Moto ukiwa unawaka."

Kabla ya kuondoka Inspekta aliingia chumbani kwa binti. Pasi ilikuwa juu ya meza yake, waya umening'inia. Aliichukua plagi kwa kitambaa, akaigeuza kwenye mwanga wa tochi, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo. Hakumwambia mtu.

Daktari aliyepasua maiti alileta jibu kesho yake asubuhi. Masizi mpaka ndani ya mapafu. Marehemu alikuwa hai na akili zake wakati moshi unashuka. Hakunyweshwa kitu, hakupigwa. Angeweza kutoka kwa miguu yake.

Saa kumi kasorobo Inspekta alirudi kwenye ile nyumba. Koplo alisema atalinda mlango, na akaulinda akiwa nje kabisa. Inspekta akakaa kwenye kiti cha marehemu. Si kwamba alikuwa jasiri. Alikaa kwa sababu kuna maswali hayajibiwi ukiwa umesimama.

Paa lilikuwa wazi, mwanga wa jioni ukimwagika juu ya kiti kitupu mbele yake. Umeme ulikuwa umekatwa tangu jana mpaka kwenye nguzo. Palikuwa kimya kabisa.

Mtu akakohoa sikioni mwake.

Inspekta aliruka. Sebuleni hapakuwa na mtu. Halafu pua ikapengwa, kilio kikamezwa, karibu kiasi kwamba angeweza kunyoosha mkono akamgusa anayelia. Alinyoosha mkono kweli, na vidole vikakuta ukuta. Ukuta wa tofali moja, mwembamba, na nyuma yake karakana.

"Kumbe Msusi alikuwa anamsikia kaka yake," alijisemea. "Neno kwa neno, miezi minane."

Karakana ya Msusi ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo umeegemea ukuta ule ule, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Inspekta alipitisha kidole kwenye meza ya kazi: vumbi. Kwenye mabunda ya waya wa shaba: vumbi, na buibui amejenga. Patasi, nyundo, mkebe wa vanishi uliokauka, vyote vumbi. Katikati ya chumba mota moja kubwa ilikuwa imefungwa sakafuni kwa nati nne, safi, imepakwa mafuta juzijuzi.

"Pole na msiba, mzee."

"Nimeshapoa, afande."

"Kazi zipo?"

"Zipo."

"Ya mwisho ulimaliza lini?"

Msusi alikaza kitambaa mkononi.

"Hii mota ni ya nani?"

"Yangu."

"Inazungusha nini?"

Msusi aliangalia chini.

"Nimekuuliza, inazungusha nini? Pampu? Mashine ya kusaga? Mbona sioni mkanda?"

"Haizungushi kitu, afande."

Inspekta alitoka nje, akamwita yule mtaalamu. Walivuta waya wa muda kutoka kwenye nyumba ya Mama Redio, wakaunganisha na mota, safari hii kwa kebo nene na swichi ya kujikata yenyewe. Inspekta mwenyewe akabonyeza.

Mota ilianza kwa mguno mzito. Ngurumo ilipita sakafuni, ikapanda kwenye ukuta, na ukuta wote ukaingia kunguruma. Kutoka kwa jirani kikasikika kishindo, kisha ukelele uliotoa watu majumbani.

"Jamani! Amehamia kwangu! Taa inapumua! Mke wa Mwalimu amehamia kwangu!"

Mama Redio alitoka na kiatu kimoja. Koplo alitaka kucheka, kicheko kikamkauka. Maana hata yeye, aliyejua ni mota, alikuwa ameiona ile taa dirishani ikizimia na kurudi, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Onyesha kiganja," Inspekta alimwambia Msusi.

Alifungua kitambaa. Kiganja kilikuwa kimeungua mstari mmoja mnyoofu, upana wa waya.

"Nitasema yote," Msusi alisema. "Lakini nisemee mbele ya mtoto. Sitasema mara mbili."

Binti aliletwa kituoni jioni hiyo hiyo. Alikuwa hajalala wala hajala, na bado anashikilia lile lile.

"Ni pasi yangu, afande. Msimsingizie mtu."

Inspekta aliweka mfuko wa kielelezo mezani.

"Tazama meno ya plagi hii. Yana rangi gani?"

"Nyeusi."

"Masizi, kuzunguka pande zote. Plagi ikiwa ndani ya soketi, moshi haufiki kwenye meno. Ukiichomoa baadaye unayakuta yanang'aa. Hii ilikuwa nje ya soketi kabla moshi haujaingia chumbani."

"Lakini mimi niliiacha! Naapa niliiacha."

"Uliiacha kweli. Mtu akapita nyuma yako akaichomoa, kama alivyofanya siku zote."

Ilichukua muda kumwingia. Kisha binti alilala juu ya meza, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu jana. Inspekta alimwacha alie mpaka basi. Yeye mwenyewe alikwenda dirishani akajifanya anatazama magari.

Msusi akaingizwa. Alisomewa haki yake: halazimiki kusema, na atakachosema kitaandikwa. Akaitikia kwa kichwa. Hakumtazama mtoto wa kaka yake.

"Nilimwomba kaka umeme wa karakana mara nyingi," alianza. "Akakataa. Mota zako zitanichomea nyumba, aliniambia. Alikuwa na haki. Siku ya tatu ya msiba nyumba imejaa watu, hakuna anayeuliza fundi anapanda darini kufanya nini. Nikauunga."

"Na saa kumi?"

"Mchana nilikuwa nasuka. Saa kumi ndiyo saa yangu ya kujaribu mota. Basi. Sikuwa na hila yoyote. Siku moja nasikia ng'ambo ya ukuta kaka anaongea. Nikadhani kuna wageni. Nikasikiliza. Alikuwa anamwambia shemeji karibu."

Binti aliinua uso.

"Ulicheka?"

"Nilitetemeka, mwanangu. Nilitaka kwenda kumwambia siku ile ile. Nikasema kesho. Kesho yake nikaona amenyoa ndevu. Amekula sahani nzima. Wewe mwenyewe ulikuja kunieleza kwa furaha, baba amekula. Ningemwambiaje?"

"Kazi zilipokwisha?" Inspekta aliuliza.

"Zilikwisha mwezi wa tatu baada ya msiba. Watu siku hizi hawasuki, wananunua mpya. Nikafurahi, nikajua nitauondoa ule waya. Nikazima. Siku tatu taa haikupumua, na siku tatu kaka hakuweka kitu mdomoni. Nilimsikia akimwomba shemeji msamaha, akiuliza amemkosea nini. Siku ya nne nikafunga hii mota sakafuni. Ikawa kila saa kumi naiwasha robo saa, nazima. Haizungushi kitu."

"Na fyuzi?"

"Ilikuwa inakatika. Ikikatika, kaka hali. Nikaweka waya usiokatika."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimgusa bega, akaendelea.

"Tufike siku ya moto."

Msusi alijifuta uso kwa mkono mzima.

"Niliwasha kama kawaida. Kiungo kilikuwa kimekwisha, nafikiri. Taa ilikuwa inapanda na kushuka bila mpango, nikaisikia mota inakwama, inavuta. Nikanusa. Mimi harufu hiyo naijua miaka thelathini. Nikazima. Lakini mbao zilikuwa zimeshika, na taa nayo ikaendelea, inawaka sana, inazima, inawaka. Na kaka anacheka. Nilimsikia anacheka kwa furaha. Akasema, kumbe leo unakuja mwenyewe."

Taa ya ofisi ilikuwa imetulia, na bado koplo aliitupia jicho.

"Swichi kuu ilikuwa barazani," Inspekta alisema polepole. "Ulitoka nje. Uliwakataza watu kumwaga maji. Ukarudi nyuma kukata waya wako. Kwa nini waya kwanza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa jela."

"Jela!" Msusi alitoa sauti iliyokuwa kati ya kicheko na kikohozi. "Afande, niliogopa atauona. Moto utazimwa, watu watapanda darini, watamwonyesha waya wa mdogo wake. Atajua hakukuwa na mtu. Miezi minane alikuwa anamimina chai kwa ajili ya mota. Nilisema niutoe kwanza, halafu nimtoe yeye. Nilidhani nina muda. Alikuwa na miguu, mlango ulikuwa wazi. Sikujua atakaa."

Binti alisimama. Inspekta alijiandaa kumzuia, lakini hakwenda kumpiga. Alisogea mpaka karibu na kiti cha baba yake mdogo na kumwinamia.

"Wakati anacheka, wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale nilipokaa siku zote."

"Ukutani."

"Ukutani."

"Mbali kiasi gani?"

Msusi alinyoosha mkono wake ulioungua, akapima hewani umbali usiofika hata urefu wa mkono wenyewe.

"Ungeita, angekusikia?"

"Angenisikia."

"Ungesema nini?"

"Kaka, ni mimi. Maneno matatu tu. Angetoka kunipiga makofi. Nilikuwa nayo mdomoni, mwanangu. Nikaona aibu."

Binti akanyooka, akamgeukia koplo aliyekuwa ameshika kalamu hewani.

"Umeandika wizi wa umeme," alisema. "Umeandika fyuzi. Andika na hilo, afande. Kwamba aliona aibu."

Koplo alimwangalia Inspekta. Inspekta aliinamisha kichwa, na koplo akaandika.